Kadi ya Akaunti ya Kawaida Ikivuka Busia

Likizo zikiisha, foleni ya meza ya kadi katika tawi letu hapa Kisumu huwa ndefu kuliko ya kaunta ya pesa taslimu. Mmoja kadi ilimkatalia Kampala mzigo ukiwa umeshafungwa. Mwingine amekatwa dola 9.99 na kampuni asiyoikumbuka. Wa tatu anasema hoteli imemla pesa. Wengi wao hawakuibiwa, na ndiyo sababu nimeombwa niandike haya kabla ya msimu mwingine wa safari.

Kadi ya debiti, hii tunayoiita kadi ya ATM, si mkopo. Inachota kwenye salio lako, papo hapo. Mwenye kadi ya mkopo akizozana na muuzaji, pesa za benki ndizo zinazosubiri mzozo uishe. Wewe ukizozana naye, karo ya mtoto ndiyo inayosubiri.

Kadi nyingi za akaunti za kawaida hutolewa zikiwa zimefungwa kwa matumizi ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Zifungulie kwenye programu ya benki yako au tawini, uweke na kikomo cha siku. Naelewa kwamba kwa mtu wa Busia, mji wa mpaka wa Kenya na Uganda, soko ni moja, asubuhi yuko huku, mchana yuko kule. Kwa mtandao wa kadi, yaani kampuni kama Visa au Mastercard, hizo ni nchi mbili. Mashine iliyo hatua chache baada ya geti ni mashine ya nje, na benki yenye jina sawa na la benki yako upande wa Uganda ni kampuni nyingine kisheria, yenye leseni nyingine. Tafadhali msituambie kwamba "ni benki moja tu".

Sasa, mashine ya kadi dukani au hotelini huko inaweza kukuuliza: ulipe kwa shilingi za Kenya au za Uganda? Karibu kila mteja ninayemhudumia alichagua za Kenya, kwa kuwa ndizo anazozielewa. Hapo ndipo anapoumia. Ukichagua za Kenya, anayebadilisha fedha ni mwenye mashine na washirika wake, kwa bei wanayoipanga wao. Chukua mfano wa bidhaa ya shilingi 840,000 za Uganda. Kwa bei ya shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, hiyo ni 30,000. Mashine ikikuonyesha 31,500, zile 1,500 ni gharama ya urahisi wa kusoma tarakimu unazozijua. Chagua fedha za nchi uliyomo. Benki yako nayo itakata chake kwa kubadilisha, lakini kiwango chake kimo kwenye orodha ya makato unayoweza kuomba kabla ya kusafiri. Ukishabonyeza na kuidhinisha, umekubali bei ile. Hatuna dai la kukufungulia.

Kwenye ATM ya nje, tarajia makato mawili: ya mwenye mashine na ya benki yako. Hata kutazama salio tu kunaweza kulipiwa. Toa mara moja kiasi kinachokutosha.

Hoteli nyingi hushikilia amana unapoingia. Pesa hizo hazijalipwa, ila huwezi kuzigusa, na ukishaondoka zinaweza kukaa siku kadhaa kabla hazijaachiliwa. Mfanyabiashara wa soko la Kibuye hapa Kisumu aliyekwenda kununua mali Kikuubo, Kampala, na mtaji wote kwenye kadi moja atajikuta ana pesa asizoweza kununulia hata pea moja ya viatu. Uliza kiasi cha amana kabla ya kutoa kadi, au lipa amana kwa taslimu.

Mtandaoni kuna imani moja inayonichosha: "Bila OTP hakuna anayeweza kunitoa pesa." OTP ni ile nambari ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu yako kuthibitisha malipo. Si kweli. Ziko tovuti za nje zisizoomba OTP kabisa. Zinahitaji nambari ya mbele ya kadi, tarehe ya kuisha na tarakimu tatu za nyuma. Kwa hiyo anayepiga picha kadi yake pande zote mbili na kumtumia binamu kwa WhatsApp ili "amsaidie kununua tiketi" amempa funguo zote. Na kama laini yako ya Kenya umeitoa kwenye simu ukaweka ya Uganda, OTP za wewe mwenyewe hazitakufikia.

Majaribio ya bure ya mwezi mmoja nayo hugeuka kuwa malipo ya kila mwezi usipoyasitisha kwa kampuni yenyewe. Kufuta programu kwenye simu si kusitisha. Vilevile, mtoto aliyeshika simu yako akanunua almasi za mchezo si mwizi wa mtandaoni, na fomu ya wizi haijazwi kwa ajili yake.

Ukiona muamala usioufahamu, fuata mpangilio huu. Funga kadi kwanza kwenye programu au kwa kupiga simu, kisha ndipo uulize maswali. Andika tarehe, kiasi, jina la muuzaji kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti, na tarakimu nne za mwisho za kadi. Njoo tawini na kitambulisho ujaze fomu ya dai. Ikiwa ni wizi, pitia kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Ikiwa ulinunua na bidhaa haikufika, leta risiti na barua pepe ulizoandikiana na muuzaji. Benki hupeleka dai kwenye mtandao wa kadi, mtandao kwa benki ya muuzaji, na muuzaji hupewa nafasi ya kujibu. Hii si M-Pesa ambako unasambaza ujumbe kwa 456 na kungoja. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Kwa madai mengi mitandao mikubwa ya kadi huweka ukomo wa siku 120, ila usizihesabu kama ruhusa ya kukaa. Sisi tunataka kusikia siku hiyo hiyo. Muamala uliopita bila OTP huwa rahisi kudai, kwa sababu mara nyingi mzigo humwangukia muuzaji. Ule uliothibitishwa kwa OTP uliyoitaja mwenyewe kwa "afisa wa benki" aliyekupigia simu ni mgumu mno.

Kwa wanaotumia njia hizo kuwaibia wengine, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iko wazi. Kutengeneza tovuti au kutuma ujumbe wa kulaghai ili kupata taarifa za mtu: faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ulaghai wa kompyuta: faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Ukirudi nyumbani, funga tena matumizi ya nje ya nchi. Hata ukishafunga, amana ya hoteli itaachiliwa, na marejesho ya muuzaji yataingia kwenye akaunti kama kawaida. Marejesho hayo yakipungua kidogo kuliko ulicholipa, bei ya kubadilisha fedha ilisogea katikati. Hilo halihitaji fomu.