Uzito wa Kigezo: Hesabu Inayogawa Fedha za Kaunti

Mwaka 2020 Seneti ya Kenya ilishindwa, kikao baada ya kikao, kupitisha fomula ya kugawanya fedha baina ya kaunti 47. Maseneta watatu walikamatwa na polisi mwezi Agosti mjadala ukiwa bado umepamba moto, na mapatano hayakupatikana hadi tarehe 17 Septemba. Wengi waliyafuatilia mabishano hayo kama siasa tupu. Siasa ilikuwepo kweli, lakini sisi tunaofundisha takwimu tuliona kwamba mvutano wote ulizunguka jambo moja la hesabu ambalo mwananchi alistahili kuelezwa tangu siku ya kwanza.

Fungu lililokuwa mezani lilikuwa shilingi bilioni 316.5. Fungu likiwa halibadiliki na fomula ikabadilika, kila shilingi inayoongezeka Kiambu haina budi kutoka kwingine, pengine Wajir, pengine Kilifi. Ukijumlisha nyongeza na makato ya kaunti zote 47, jibu ni sifuri. Kwa hiyo aliyetaka fomula mpya na papo hapo akataka kaunti yoyote isipoteze hata senti alikuwa akiomba kisichowezekana, hata angekuwa na ufasaha wa namna gani. Kilichofungua fundo ni kulikuza fungu lenyewe: ilikubaliwa kwamba fomula hiyo mpya, ambayo ilikuwa ya tatu, ianze kutumika mwaka wa fedha uliofuata, mgao ukiwa umepanda hadi bilioni 370.

Ndani ya fomula kuna vigezo, yaani mambo yanayoangaliwa katika kugawa, na kila kigezo kina uzito wake, yaani asilimia ya fedha zinazogawanywa kwa kukifuata. Katika fomula ya kwanza idadi ya watu ilibeba asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na uwajibikaji katika fedha 2. Katika ile ya tatu idadi ya watu ilishuka hadi 18 na mgao sawa hadi 20, afya ikapewa 17, umaskini 14, kilimo 10, ardhi 8, barabara 8 na miji 5. Kushuka huko kutoka 45 hadi 18 kusimpotoshe msomaji, kwa sababu mahitaji ya afya na kilimo nayo huongezeka pale watu wanapoongezeka, hivyo idadi ya watu inaingia tena kwa mlango mwingine.

Tuchukue kigezo kilicho chepesi kuliko vyote, mgao sawa, tukihesabu kwa kalamu. Katika kila bilioni 100 zilizopitia fomula ya tatu, asilimia 20 ni bilioni 20, na ukizigawanya kwa 47 kila kaunti ilipata takriban milioni 425.5. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na watu 4,397,073 Nairobi. Fedha hizo zilizo sawa kabisa zinakuwa takriban shilingi 2,957 kwa kila mkazi wa Lamu, na shilingi 97 kwa kila mkazi wa Nairobi. Kigezo cha idadi ya watu kinafanya kinyume: bilioni 18 zikigawanywa kwa Wakenya 47,564,296 ni takriban shilingi 378 kwa kila mtu, awe Lamu au Nairobi.

Ni upi usawa kati ya hizo mbili? Waliodai "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" walikuwa na hoja, na waliosema kwamba gavana wa kaunti ndogo naye anahitaji ofisi, bunge la kaunti na hospitali kabla hajamhudumia mtu wa kwanza walikuwa na hoja vilevile. Hesabu haiwezi kuamua baina yao. Inachoweza ni kumwonyesha kila mmoja bei ya anachokidai na nani atakayeilipa, na ndiyo maana naona ni kosa kubwa fomula kupelekwa mbele ya umma kama kitu cha kitaalamu kisichohojiwa. Namba 18 haikutoka maabara. Ni uamuzi wa watu waliokaa na kupima lipi litangulie.

Uamuzi wa aina hiyo hujificha hata katika vifungu ambavyo hakuna anayevisoma. Fomula ya kwanza iliweka ukomo katika kigezo cha ardhi, kwamba hakuna kaunti ingehesabiwa kuwa na zaidi ya asilimia 10 ya ardhi yote wala chini ya asilimia 1, hata kama ramani ingesema vingine. Turkana na Marsabit, zenye ardhi kubwa kuliko zote, ziliguswa na ukomo wa juu, na kaunti ndogo kabisa zikainuliwa na ule wa chini. Katiba nayo inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini ikikokotolewa juu ya hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Idhini ikichelewa, asilimia hiyo inapigwa juu ya makusanyo ya miaka iliyopita.

Niliwahi kueleza haya katika baraza la wadi moja ya pwani, nikiwa nimeandika vigezo kwenye karatasi kubwa ukutani. Mzee mmoja mvuvi aliikodolea macho ile karatasi, kisha akauliza: "Mwalimu, hapo umeandika ardhi. Bahari iko wapi?" Akaeleza kwamba kwao mama mwenye uchungu wa kujifungua hupelekwa hospitali kwa mashua, na petroli ya mashua ni ghali kuliko nauli ya matatu. Sikuwa na cha kumjibu ila ukweli: kigezo kinasema ardhi, na bahari haimo.

Nilimwambia pia kwamba Kifungu cha 217 cha Katiba kinaitaka Seneti, kila inapopanga upya msingi wa mgao, yaani mara moja kila miaka mitano, iwaalike wananchi kutoa maoni yao, na kwamba maoni yenye namba ni vigumu kuyapuuza. Akauliza namba gani. Nikamwambia: safari ngapi kwa mwezi, lita ngapi kwa safari, saa ngapi majini. Kijana aliyekaa kando yake akafungua daftari la chama chao cha wavuvi, akapiga mistari mitatu ya wima kwa rula, na juu ya safu ya kwanza akaandika "Safari".