"Blue moon" si mwezi wa buluu

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: usiku fulani tokeni nje, mwezi utageuka buluu. Hautageuka. Msemo wa Kiingereza "once in a blue moon" maana yake ni mara chache sana, kama mjomba anayekuja kwenu kwa nadra. Na "blue moon" siku hizi ni mwezi mpevu wa pili katika mwezi mmoja wa kalenda. Angalia Agosti 2023: ulipevuka tarehe 1, ukapevuka tena tarehe 31, kwa rangi yake ileile. Kinachochanganya ni hilo neno "blue", pamoja na picha zilizotiwa rangi. Moshi au vumbi la volkano huweza kuupa ubuluu kweli, lakini hilo halifuati kalenda. Tafadhali, ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze.