Mkopo wa nyumba na karo za sekondari: kipi kitangulie?

Wazazi wengi wanaonijia hapa Mombasa huwa na swali moja. Mkopo wa nyumba umekwenda miaka saba, minane. Kifungua mimba anakaribia Gredi ya 10, mdogo wake anamfuata, na mkononi kuna bonasi ya kazini au gawio la Sacco. Je, pesa hizi ziende benki zipunguze deni, au ziwekwe kwa ajili ya shule? Nimeshughulika na mikopo ya nyumba tangu nilipokuwa mwajiriwa wa benki, na ushauri wangu ni huu: maliza deni mapema, tena kwa bidii, lakini karo ya mwaka mzima iwe imekaa pembeni kabla hujaipa benki shilingi ya ziada. Nimeona familia zenye kipato kizuri zikiugeuza mpangilio huo na zikaumia.

Kwanza tuangalie deni lenyewe linavyokwenda. Chukua mkopo wa shilingi milioni 6, miaka 20, riba ya asilimia 14 kwa mwaka, kiwango ambacho wakopaji wengi Kenya wanakijua vizuri. Rejesho la kila mwezi ni kama 74,611. Mwezi wa kwanza, 70,000 kati ya hizo ni riba, na zinazopunguza deni ni 4,611 tu. Ukilipa bila kukosa kwa miaka minane utakuwa umetoa zaidi ya milioni 7.1, na salio lako bado ni kama milioni 5.19.

Mama mmoja, mwalimu, aliposoma safu ya salio kwenye taarifa yake alishikilia kwamba benki imemwibia. Tulikaa na kikokotoo tukaenda mwezi kwa mwezi, na hesabu ya benki ilikuwa sawa. Riba hutozwa juu ya salio lililobaki, na salio likiwa kubwa, rejesho karibu lote linaliwa na riba. Nashika sana suala hili kwa kuwa mzazi asipolielewa hawezi kuona kwa nini shilingi ya ziada ina nguvu kubwa kuliko ile ya kawaida. Rejesho la kawaida hugawanywa kati ya riba na deni. Shilingi ya ziada, ikielekezwa vizuri, inaingia yote kwenye deni.

Basi turudi kwa mkopo huohuo, mwaka wa nane umekwisha, imebaki miezi 144. Ukitia 300,000 kwa mpigo na kuendelea na rejesho lilelile, miezi inashuka hadi 125 hivi. Baada ya kuondoa zile 300,000 ulizotoa, unabaki na faida ya takriban milioni 1.13. Lakini benki ikizipokea na badala yake ikapunguza rejesho, utalipa kama 70,300 kila mwezi kwa miaka ileile 12, na faida yako yote itakuwa kama 320,000. Pesa ni zilezile na siku ni ileile. Tofauti ya shilingi laki nane inatokana na maagizo uliyoyaandika, au uliyosahau kuyaandika.

Kwa hiyo usitume pesa tu kwenye akaunti ya mkopo ukaamini zitajipanga zenyewe. Baadhi ya benki huziweka kama marejesho yaliyolipwa mapema, zikakaa hapo zikisubiri miezi ijayo huku riba ikiendelea kutozwa kwenye salio lote. Andika barua au baruapepe, iwe na maneno kama haya: «Naomba shilingi 300,000 zipunguze salio la msingi la mkopo wangu leo. Rejesho la kila mwezi libaki lilivyo, muda wa mkopo ufupishwe. Naomba jedwali jipya la marejesho.» Mwezi unaofuata fungua taarifa yako utazame mstari wa riba. Katika mfano wetu ilikuwa 60,570. Sasa inapaswa kusoma 57,070. Isiposhuka, rudi benki siku hiyohiyo. Uliza pia kuhusu ada ya kulipa mapema, ambayo imo kwenye mkataba uliotia sahihi. Haki ya kumaliza deni kabla ya wakati umepewa na Sheria ya Ardhi ya 2012, na benki haina uwezo wa kukunyima.

Sasa watoto. Shule ya bweni ya kitaifa ya serikali imepangiwa karo ya shilingi 53,554 kwa mwaka, na zile za ngazi inayofuata 40,535. Malipo yamegawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Mwenye watoto wawili katika shule za kitaifa, basi, anatakiwa kutoa 53,554 Januari peke yake. Hapo hujanunua chochote. Barua ya kujiunga na shule ina orodha yake: godoro, sanduku la chuma na kufuli, ndoo, blanketi, sare za kila aina, viatu vya darasani na vya michezo, kamusi, seti ya jiometri. Ongeza nauli kutoka Pwani hadi shule iliyoko Kiambu au Kakamega, kwenda na kurudi, kila muhula na kila likizo fupi. Wenye watoto katika shule za binafsi wanajua kwamba tarakimu zao ni nyingine kabisa. Na akiwa nyumbani, kijana wa miaka 15 anakula kama mtu mzima, viatu vinambana kabla havijachakaa, na vifurushi vya intaneti vinaisha kabla ya wiki.

Hapa ndipo familia hujikwaa. Baba mmoja, wakala wa forodha bandarini, alikuwa na bidii ya kupigiwa mfano. Kila senti iliyobaki mwisho wa mwezi aliitia kwenye nyumba. Disemba akiba yake ilikuwa tupu. Januari ilipofika na watoto wawili wa bweni, alikwenda kwenye mikopo ya simu, ile ya siku 30 yenye ada ya asilimia saba au nane. Akaufungua mmoja kulipa mwingine hadi Aprili. Asilimia saba na nusu kwa mwezi ukiizidisha kwa 12 unapata 90 kwa mwaka. Alikuwa akikimbiza deni la asilimia 14 kwa kujitwisha la 90. Pesa ikishaingia kwenye nyumba haitoki kirahisi. Benki haikurudishii laki moja kwa sababu mwanao ameitiwa karo. Utaambiwa uombe mkopo mpya, uthaminishe nyumba upya, ulipe mawakili upya.

Ndiyo maana nasisitiza mfuko wa shule uwe wa kwanza. Jumlisha karo, mahitaji na nauli za mwaka mzima kwa kila mtoto, kisha uweke kiasi hicho mahali unapoweza kukitoa ndani ya siku mbili tatu, kwa mfano mfuko wa soko la fedha (ule wa uwekezaji wa muda mfupi, «money market fund») au akaunti ya akiba tofauti na ya mshahara. Sacco ni nzuri kwa nidhamu, lakini amana zake huwezi kuzitoa ukiwa bado mwanachama, kwa hiyo zisihesabiwe kama karo ya Januari. Mfuko ukishajaa, kila cha ziada kiende kwenye deni bila huruma.

Wakati nao una maana. Sacco nyingi hulipa gawio baada ya mkutano mkuu wa mwaka, kati ya Februari na Aprili. Mzigo mkubwa wa Januari umeshapita, wa muhula wa pili ni mdogo zaidi, nawe unajua kilichobaki mfukoni. Huo ndio msimu ninaowashauri wateja kupeleka donge kubwa benki. Disemba, hata bonasi iwe nono vipi, subiri kwanza shule zifunguliwe.

Kwa wale ambao donge kubwa haliji, nyongeza ndogo ya kila mwezi inafanya kazi ambayo wengi hawaiamini mpaka waone jedwali. Katika mkopo wetu wenye salio la milioni 5.19, kuongeza 10,000 kila mwezi kunashusha miezi 144 hadi 109. Ni karibu miaka mitatu. Mtoto wa miaka 14 leo atakuwa na 23 mkopo ukiisha badala ya 26, na mdogo wake bado atakuwa chuoni wakati zile 74,611 zinarudi nyumbani. Tena, ukiwa na watoto wadogo bado, wa shule ya msingi, sikiliza: nyongeza hiyohiyo ya 10,000 tangu rejesho la kwanza inaufanya mkopo wa miaka 20 uishe kwa miaka 12 na miezi minane hivi. Miaka ya kubana mkanda kwa ajili ya nyumba ni ile ya mwanzo, mtoto akiwa anavaa viatu vya mia tano.

Kuna jambo la kodi ambalo hata wahasibu hulipita. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hupunguzwa kwenye mapato yako kabla ya kodi. Kiwango cha juu kilipandishwa kutoka 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa Disemba 2024, yaani 30,000 kwa mwezi. Kwa anayekatwa kodi ya asilimia 30, hiyo ni nafuu ya 9,000 kila mwezi. Maadamu riba yako inazidi 30,000 kwa mwezi, kulipa mapema hakukupunguzii nafuu hiyo hata kidogo. Kwa riba ya asilimia 14, mstari huo unaufikia salio likishuka hadi milioni 2.57 hivi. Chini ya hapo, kila shilingi ya deni inakugharimu kama asilimia 9.8 baada ya kodi. Kwa hiyo mimi huwahimiza watu wakimbie mpaka wafike milioni 2.57, kisha watulie wafikiri: huenda mwaka huo ada ya chuo au mchango wa pensheni, ambao nao una nafuu ya hadi 30,000 kwa mwezi, una haki zaidi ya hizo pesa.

Riba yenyewe haitulii. Kiwango cha riba cha Benki Kuu, ambacho benki hukitazama zinapopanga riba zao, kilikuwa asilimia 13 mapema 2024. Kufikia Agosti 2025 kilikuwa kimeshuka hadi 9.5. Riba ikipanda, benki nyingi huacha rejesho lilivyo na kurefusha muda, na mkopaji hajui mpaka aombe jedwali. Riba ikishuka, wengine hufurahia rejesho dogo. Omba libaki palepale, ili punguzo lote liingie kwenye deni. Nao waliokopa kwa riba ya tarakimu moja kupitia mpango wa KMRC, kampuni inayozipa benki na Sacco fedha za kukopesha wanunuzi wa nyumba, hawana haja ya kukimbizana na nyumba wakati watoto wako bweni; deni lao ni rahisi kulibeba.

Mara mojamoja kuna pesa ambayo haifai kwenda kwenye deni hata kidogo. Februari 2024 serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu, yaani mkopo ambao wananchi wanaipa serikali, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, bila kodi. Aliyeweka 300,000 pale alianza kupata kama 55,000 kwa mwaka, karo nzima ya mtoto mmoja wa shule ya kitaifa. Nafasi ya namna ile ikijitokeza na mkopo wako ni wa asilimia 14, ichukue.

Vijana wenyewe washirikishwe. Mtoto wa miaka 14 anaweza kusoma taarifa ya mkopo. Mpe kikokotoo, mwambie atafute riba ya mwezi huu, kisha akuonyeshe ingekuwaje kama mngetia 5,000 zaidi. Nimewaona wakiifurahia kazi hiyo kuliko wazazi wao. Usimwambie, hata hivyo, kwamba anakosa ziara ya shule kwa sababu ya nyumba. Deni ulichukua wewe, na mtoto hastahili kuhisi kwamba yeye ndiye gharama inayochelewesha.

Kuhusu bima: mkopo wa nyumba huambatana na bima ya maisha inayolipa salio mkopaji akifariki. Kila ukilipa donge kubwa, uliza kama malipo ya bima yanakokotolewa upya kwa salio jipya. Na kumbuka kwamba bima hulipa salio lililobaki peke yake; ulichokwisha kutia mapema hakirudi kwa familia. Hii nayo ni sababu ya mfuko wa shule kuwa na pesa taslimu, kwa jina ambalo mwenzi wako anaweza kulifikia.

Siku ya rejesho la mwisho benki itakupa barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Barua hiyo haitoshi. Dai hati ya kuondoa rehani iliyotiwa sahihi pamoja na hatimiliki yako, uisajili kwenye ofisi ya ardhi, kisha ulipie upekuzi rasmi uone kwamba sehemu ya vizuizi haina tena jina la benki. Nimewapokea watu waliomaliza deni miaka mingi nyuma ambao ardhi yao bado inasomeka kuwa iko rehani, na wanaligundua siku wanapotaka kuuza au kukopa karo ya chuo.