Insha ya Kujiunga na Kidato cha Kwanza: Sentensi, Sarufi na Alama za Uandishi

Mbali na mtihani wa taifa wa darasa la saba, shule nyingi za sekondari za binafsi nchini Tanzania, zikiwemo seminari, huwapa waombaji mtihani wao wa kujiunga na kidato cha kwanza. Katika mtihani wa Kiswahili, insha ndiyo hudhihirisha zaidi umahiri wa mtoto.

Kasoro inayojitokeza mno ni sentensi za sura moja. Mtoto huandika: "Niliamka asubuhi. Halafu nilipiga mswaki. Halafu nilikunywa chai. Halafu nilienda shule." Sarufi haina kosa hapo, lakini msomaji huchoka mapema. Wazazi wengi humshauri mtoto aongeze viunganishi. Kwa maoni yetu ushauri huo humwongezea maneno tu, kwa kuwa utajiri wa sentensi ya Kiswahili umo ndani ya kitenzi chenyewe. Tazama: "Nilipoamka asubuhi, nilipiga mswaki, nikanywa chai, nikaenda shule nikikariri shairi nililopewa na mwalimu." Kiambishi -po- kimebeba wakati, -ka- mfuatano wa matendo, -ki- tendo linaloendelea sambamba na jingine, na -lo- kinarejelea shairi. Mtoto achukue aya aliyoiandika jana, aiandike upya kwa viambishi hivyo, kisha aisome kwa sauti mbele ya mtu. Akishavizoea, aingie kwenye masharti, akikumbuka kwamba -nge- haichanganywi na -ngali-: "ningejua ningekuja" au "ningalijua ningalikuja".

Sentensi ikirefuka, upatanisho wa kisarufi huponyoka. "Vitabu ambavyo baba alininunulia mjini wakati wa likizo zimepotea" ni kosa la kawaida sana, kwani umbali kati ya kiima na kitenzi humsahaulisha mwandishi ngeli aliyoanza nayo. Dawa yake ni kurudi kwenye kiima na kujiuliza ni nini kilichopotea: vitabu vimepotea. Majina ya viumbe hai nayo yana mtego wake, kwani huandikwa "kiboko yule amelala", si "kiboko kile kimelala".

Kuhusu alama za uandishi, mkato hufuata kishazi tegemezi kinapotangulia, kama baada ya "nilipoamka asubuhi". Alama ya kuuliza ni ya usemi halisi: "Kwa nini umechelewa?" mwalimu aliuliza. Katika usemi wa taarifa, yaani "Mwalimu aliuliza kwa nini nilikuwa nimechelewa", sentensi huishia kwa nukta. Ritifaa ya "ng'ombe" na "ng'ambo" isiachwe, na "kwa sababu" yaandikwe maneno mawili.