Picha ya simu inajua ulipokuwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Nitumie kama dokumenti, mama. Ukituma kawaida picha inakufa."

Maneno haya utayasikia karibu kila duka la kuchapisha mabango na kadi za harusi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jirani yangu siku alipoambiwa hivyo. Anaoka keki nyumbani kwake na alitaka bango la kutundika barabarani. Akatuma picha tano kwa WhatsApp kama dokumenti, zote alizozipiga juu ya meza yake ya chakula. Fundi akafungua ya kwanza kwenye kompyuta, akaingia kwenye maelezo ya faili ili aone upana wake kwa pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Chini ya pikseli palikuwa na neno GPS, yaani mfumo wa setelaiti unaoonyesha mahali, na mistari michache ya namba. Nikamwomba azinakili aziweke kwenye ramani. Alama nyekundu ikatua juu ya paa la nyumba ya yule mama.

Jirani yangu akaniuliza, "Sasa hizi namba nani kaziandika?"

Simu yake ndiyo iliyoziandika. Picha inayopigwa kwa simu huwa na sehemu ya maelezo iliyofichwa ndani ya faili, inayoitwa EXIF, utaratibu uliotolewa Japani mwaka 1995 ili kamera ziweze kuandika saa, aina ya lenzi na mwanga uliotumika. Humo ndimo lokesheni inamokaa, kamera ikiruhusiwa kuisoma. Tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa habari hizi mara kwa mara, na nimegundua kwamba wengi wetu tunaamini mambo yasiyo kweli. Wapo wanaoogopa kupita kiasi, na wapo wasioogopa kabisa.

"WhatsApp inafuta kila kitu, sina wasiwasi."

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaibana na kuitengeneza upya, na katika kubana huko maelezo ya lokesheni yanaondoka. Ukiituma kama dokumenti, faili inasafiri kama ilivyo, pamoja na kila namba iliyomo. Telegram nayo ni hivyo hivyo: picha ya kawaida inasafishwa, faili haiguswi. Barua pepe haisafishi chochote. Ukimpa mtu kiungo cha Google Drive, anapakua faili yako halisi.

Kwa hiyo mtu yule yule, na picha ile ile, asubuhi anaituma ikiwa safi kwenye kundi la familia, na jioni anaituma na anwani ya nyumbani kwake kwa mtu asiyemjua, eti tu kwa sababu alitaka ubora. Wauzaji wa samani na nguo mtandaoni wanafanya hivi kila siku. Mteja anasema "nitumie yenye ubora", nao wanatuma.

Facebook, Instagram na X huondoa namba hizi kwenye picha ambayo watu wengine wanaiona. Lakini picha ilipopandishwa huenda ilikuwa nazo, na huenda kampuni iliipokea ilivyo. Kuondolewa machoni pa rafiki zako hakumaanishi kuondolewa kila mahali.

Tovuti ndogo ndogo nyingi hazisafishi kabisa. Desemba 2012, John McAfee, yule mwanzilishi wa programu ya kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa ametoroka Belize ambako polisi walitaka kumhoji kuhusu mauaji ya jirani yake. Waandishi wa jarida la Vice waliokuwa naye wakachapisha picha yake iliyopigwa kwa iPhone 4S, bila kutaja mahali walipo. Wasomaji wakafungua maelezo ya faili na kukuta namba za Guatemala. Siku chache baadaye akakamatwa nchini humo. Hawa walikuwa watu wa kazi ya habari, walioazimia kuficha mahali, na bado faili likasema.

"Nikizima data, picha haiwezi kujua nilipo."

Inaweza. Simu haihitaji bando ili kupokea mawimbi ya setelaiti za GPS, ambazo huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ikizipata nne, inapiga hesabu yenyewe ya mahali ilipo. Data inasaidia simu kuzipata upesi tu. Bila data inachelewa kidogo, hasa ikiwa haikutumika muda mrefu. Hata ukiwa katikati ya Serengeti pasipo na mtandao, picha ya tembo inaweza kuwa na namba sahihi kabisa. Na tukiwa hapo hapo: setelaiti haikuoni wala haijui kwamba upo. Inatangaza saa na njia yake kama redio, simu inasikiliza.

"Kilichoandikwa ni jina la mtaa tu."

Jina la mtaa unaloliona kwenye albamu ya simu limetafutwa na programu baadaye. Ndani ya picha kuna majiranukta, yaani namba za latitudo na longitudo zinazoonyesha mahali, na inafaa kuyatazama kwa karibu. Picha iliyopigwa kwenye sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, itasema nyuzi 6, dakika 48 na sekunde kadhaa. Kisha herufi S peke yake, yaani kusini mwa ikweta. Halafu nyuzi 39, dakika 17 na sekunde kadhaa. Kisha herufi E, yaani mashariki. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini, na simu huandika hata vipande vya sekunde. Ndiyo maana alama ilitua juu ya paa.

Ile herufi ina kisehemu chake yenyewe, mbali na namba. Programu mbovu ikiipoteza S, picha ya Dar es Salaam inahamia kaskazini mwa ikweta kwa umbali ule ule, na utaikuta Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Sisi tulio kusini mwa ikweta tunaliona kosa hili kuliko watu wa Ulaya, ambao hawana cha kupoteza hapo. Ukikuta picha za harusi ya Temeke zimepangwa chini ya jina la Ethiopia, simu haijarogwa. Ni herufi moja imedondoka.

Simu nyingi huongeza pia kimo kutoka usawa wa bahari, na baadhi huongeza upande ambao lenzi ilielekea, yaani dirisha gani la nyumba lilikuwa mbele yako. Saa ya GPS huandikwa kwa majira ya dunia, hivyo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nimeona watu wakigombana juu ya picha moja kwa sababu hiyo tu.

"Namba haziongopi, huo ni ushahidi tosha."

Namba zinakosea, na zinaweza kudanganywa. Ukiwa ndani ya jengo la zege au umefungua kamera kwa haraka, simu inaweza kuandika mahali pa mwisho ilipopafahamu, pengine kituo cha basi ulichoshuka dakika kumi zilizopita. Na mtu mwenye kompyuta anaweza kuandika namba zozote anazotaka kwa amri ya mstari mmoja. Picha yenye majiranukta ya Mwanza haithibitishi kwamba mpigaji aliwahi kufika Mwanza.

Wanaozihitaji mbele ya sheria walilijua hili mapema. Mwaka 2015 chama cha kimataifa cha wanasheria, International Bar Association, kilianzisha programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities. Inarekodi lokesheni pamoja na minara ya simu na Wi-Fi zilizo karibu, kisha inaifunga picha kwa alama ya kidijitali inayovunjika faili likiguswa hata kidogo. Mwaka 2018, mahakama ya kijeshi huko Bukavu, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, iliwahukumu viongozi wawili wa waasi kwa uhalifu dhidi ya binadamu waliowafanyia wanavijiji mwaka 2012, na picha zilizopigwa kwa programu hii zilikuwa sehemu ya ushahidi. Sikumbuki mfano mwingine unaonigusa kama huu. Namba zile zile zinazomweka hatarini mwoka keki, zikilindwa vizuri, zinawasaidia watu wa vijijini kuaminiwa wanaposema walichotendewa.

"Nimeifuta lokesheni, basi imekwisha."

Imekwisha kwenye nakala uliyoifuta. Iliyopanda kwenye hifadhi ya mtandaoni jana iko vile vile. Wanaotumia ExifTool, programu ya bure inayopendwa na wapigapicha, wanapaswa kujua kwamba kwa kawaida inabakiza faili la awali pembeni, jina likiongezewa neno "original". Nimeona folda nzima ikitumwa kwa mteja na hayo mafaili ya awali yote yamo.

Na picha yenyewe ina mdomo. Sare ya shule ya mtoto, kibao cha duka nyuma yake, namba ya nyumba mlangoni: hakuna programu ya EXIF inayoyafuta hayo. Kwa picha za watoto, naomba mzazi aitazame picha kwanza kabla ya kuhangaika na faili.

"Basi ni salama kuzima moja kwa moja."

Kwa wengine ni sawa. Kwenye simu nyingi za Android, kitufe kiko kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya kuhifadhi lokesheni. Kwenye iPhone, tangu iOS 13 ya mwaka 2019, unaweza pia kuiacha ikiandika halafu ukaiondoa wakati wa kutuma, kwa kugusa "Options" juu ya ukurasa wa kushiriki na kuzima lokesheni. Kwenye Windows, maelezo ya faili yana chaguo la kuondoa taarifa binafsi. Tangu Android 10 ya mwaka huo huo, programu inayotaka kusoma lokesheni ndani ya picha zako lazima ipewe ruhusa ya peke yake, kwa hiyo soma ruhusa inazoomba kabla ya kukubali.

Ila ukizima, picha ya leo haitapata namba kesho kwa kutamani. Jirani yangu ameizima kwa picha zote za nyumbani. Huiwasha akienda shambani kwake Mkuranga, maana mpaka wake hauna jiwe hata moja. Kuna mwembe upande mmoja na kichuguu upande wa pili, na ameshavipiga picha vyote viwili, namba zikiwa ndani.