Majivu hayafai bustani ya mtaa hapa Lamu

Kila mara majani yakianza kugeuka rangi, jirani mmoja anafika mlangoni mwa bustani na ndoo ya majivu ya jikoni. Nia yake ni safi, na maneno ni yale yale: "Mboga zenu zimekuwa njano, tieni majivu zipate nguvu." Tumeshajibu kwa mdomo vya kutosha. Sasa naliandika jibu hilo ili lisomwe na kujadiliwa barazani.

Ushauri huo haukuzuka bure. Sehemu nyingi za magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa zina udongo wenye tindikali, na wakulima wa huko huhimizwa kutia chokaa ili kuipunguza. Majivu nayo hufanya kazi ile ile ya chokaa. Redio na video za simu hutuletea maneno hayo bila kusema ni ya udongo gani. Sisi tumekaa juu ya mchanga wa matumbawe, ambao tayari una chokaa yake. Viwanja vya magofu katika Mji wa Kale vimezidi kwa chokaa: kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu iliyoanguka imesagika humo humo tunamopanda. Hutaki kuniamini, chukua kijiko cha udongo mkavu, kiweke kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukitoa povu na kuchachatika, chokaa imo tele. Kuongeza majivu hapo ni kumpa chumvi mtu aliyekwisha kunywa maji ya bahari. Na chumvi yenyewe imo kweli ndani ya majivu, nayo inajumlika na ile ya maji ya kisima.

Kosa kubwa linaanzia kwenye neno "njano". Umanjano si mmoja, na hapa ndipo ningependa kila mwenye zamu ainame aangalie jani kabla ya kushika ndoo.

Yakianza majani ya chini, yale makuukuu, yakapauka jani zima pamoja na mishipa yake, mmea una njaa ya naitrojeni. Huo ni ugonjwa wa mchanga usio na samadi, na mchicha huuonyesha upesi. Yakianza majani machanga ya juu, nyama ya jani ikawa njano hali mishipa imebaki kijani kama wavu uliochorwa kwa kalamu, hapo mmea umekosa madini ya chuma. Mndimu, mwaridi na karanga ndio walalamishi wa kwanza. Na kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia kama zilizopitishwa motoni, tazama chumvi ya maji. Majivu hayaponyi hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na hicho cha pili na cha tatu yanavizidisha.

Vitabu huchora tofauti hizi kana kwamba haziingiliani. Kwenye tuta zinaingiliana. Mndimu mmoja unaweza kuwa na njaa ya naitrojeni chini na upungufu wa chuma juu, na kukosa madini ya manganizi kunafanana mno na kukosa chuma. Jicho peke yake halitoshi kuzitenganisha, kwa hiyo tunajaribu dawa ya chuma kwenye tawi moja na kusubiri wiki mbili.

Chuma kwa kawaida kimo udongoni. Tatizo ni kwamba kwenye udongo wa alkali, yaani kinyume cha tindikali, kinageuka kutu isiyoyeyuka, na mizizi haiwezi kuinywa. Ndiyo maana kufukia misumari yenye kutu hakusaidii: unaongeza kile kile kilichoshindikana. Salfa ya unga, inayotiwa ili kuleta tindikali, nayo ni kupoteza pesa. Kilo 20 za udongo ambao nusu yake ni chokaa ya matumbawe zinahitaji zaidi ya kilo 3 za salfa ili chokaa hiyo iishe. Nani atanunua salfa ya bustani nzima kwa hesabu hiyo?

Dawa ya haraka ni salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita moja ya maji, na miche michanga nusu ya hapo. Tumia maji ya mvua. Ukichanganya na maji ya kisima yatageuka rangi ya kutu mbele ya macho yako, na hapo chuma kimekwisha kufa. Kamulia ndimu kidogo kwanza, nyunyiza jua likishuka, na usilaze dawa hadi kesho. Lakini hii inakijanisha majani iliyoyagusa tu. Yatakayochipua baadaye yanaweza kurudi njano.

Dawa ya kudumu ni mboji, ingawa nayo haishushi pH (kipimo cha tindikali na alkali) ya mchanga huu kwa kiasi cha kujivunia. Faida yake ni kukishika chuma kisigeuke kutu yote, karibu na mizizi. Na kwa joto letu huliwa upesi, kwa hiyo kila msimu tunarudia: madebe mawili kwa mita moja ya mraba. Samadi ya punda haikosi hapa. Ndoo moja ya samadi kwa mbili za majani makavu, pamoja na maganda ya jikoni, rundo lifike mita moja kwenda juu na mita moja upana. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa. Pindua kila wiki. Wakati wa kaskazi upepo unalikausha rundo na joto linazimika, basi funika kwa magunia au makuti. Likinuka, lina maji mengi, ongeza majani makavu. Usitie samadi mbichi tutani: punda hatafuni mbegu zote za magugu, zinapita zikiwa hai, na joto la rundo ndilo linaloziua. Anayeshika samadi avae glavu, na awe amechanjwa pepopunda, maana vijidudu vyake huishi kwenye kinyesi cha punda.

Zamu nazo ziandikwe ubaoni. Mmoja akimwagilia alfajiri na mwingine alasiri bila kujua, mizizi inakosa hewa, na umanjano wa kukosa chuma unazidi.

Na majivu? Msiyatupe, wala msimrudishe jirani na ndoo yake. Yapoze, yachekeche, yachanganye na mbegu za kunde zilizokauka vizuri, kibaba kwa kibaba, kwenye chombo chenye mfuniko, kisha mwagia tabaka jingine juu. Fukusi hawapati nafasi ya kutembea humo. Siku ya kupanda, chekecheni mbegu nje ya bustani, na yale majivu yaende kusugulia masufuria.