Umeme wa Sauzi: eti sola ndo imeleta giza?

Ukigusia tu mgao wa umeme Sauzi, lazima atokee mtu aseme eti jamaa waliacha makaa ya mawe haraka wakakimbilia jua na upepo, ndo maana wakalala giza. Hapana jamani. Mgao ulianza mwishoni mwa 2007, mwanzoni mwa 2008 ukawa mkali mpaka migodi ikasimama, na mpango wa serikali wa kununua umeme wa jua na upepo ulikuja 2011, na mpaka leo kama asilimia 80 ya umeme wao ni makaa hayohayo, sasa waliyaacha lini? Kilichokuwa kinakufa kila mara ni mitambo ya makaa, imezeeka, matengenezo yakawa yanaahirishwa, juu yake ufisadi.

"Si wajenge mipya." Wamejenga! Medupi na Kusile, karibu megawati 4,800 kila mmoja, miaka ikapita, gharama zikapaa, halafu Agosti 2021 jenereta la Medupi likalipuka kama wiki moja tu baada ya mradi kutangazwa umekamilika. Oktoba 2022 njia ya moshi ikaporomoka Kusile, mitambo mitatu ikazimwa.

Kuna na hii ya "jua likizama umeme kwisha". Kule Kenhardt, Northern Cape, kuna paneli za megawati 540 zimefungwa na betri kubwa, mkataba wake ni kutoa megawati 150 kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 3 na nusu usiku. Usiku wa manane haimo, sawa, ila ile saa ya watu kupika na kuwasha taa imo.

Zile dola bilioni 8.5 walizoahidiwa na nchi tajiri kwenye mkutano wa tabianchi Glasgow 2021, ili wapunguze makaa, nazo watu wanaziita msaada. Msaada gani, sehemu kubwa ni mikopo, ya bure haikufika hata asilimia 5, na 2025 Marekani ikajitoa.

Dhana ninayoiheshimu kidogo ni ile ya "ajira zitakufa", maana Komati ipo. Ni mtambo wa makaa huko Mpumalanga, mkoa wenye makaa mengi, umeanza 1961, ukafungwa Oktoba 2022 ukiwa umebaki na yuniti moja tu inayofanya kazi. Wafanyakazi wa kudumu wa Eskom, shirika la umeme la serikali, walihamishiwa kwingine, lakini vibarua wa makandarasi, mama ntilie, wenye vyumba vya kupanga, hao walibaki hivihivi, mafunzo na kazi mpya zikaja zikichechemea. Ukitaka kubishana na huu mpango wa kupunguza makaa anzia hapo, siyo kwenye sola.

Na wanaodhani ukishapata hela unafunga tu paneli umemaliza, waangalie nyaya. Gridi ilijengwa kutoa umeme Mpumalanga, jua na upepo mzuri viko upande wa Cape, na kwenye zabuni ya 2022 miradi ya upepo haikupata hata mmoja kwa sababu laini za kule zilishajaa.